Fundi fremu alikata saini ya picha yangu

Nimesubiri hasira zipoe ndipo niandike. Hazijapoa, basi naandika nazo.

Nyumbani kwangu nina picha tano zilizochorwa kwa mkono. Nimezinunua moja moja kwa miaka mingi, kwa mshahara wa ualimu. Za Tingatinga, zile za wanyama na watu, sina. Nazipenda rangi zake, lakini mama hataki sura za watu wala wanyama ukutani, anasema malaika hawaingii, nami naishi naye na namheshimu. Kwa hiyo mimi hutafuta milango, majahazi, kuta za mawe, mapaa ya bati yaliyoota kutu. Jirani yangu aliposikia bei ya hii ya tano alishika kichwa: "Laki tatu na nusu, kwa kitambaa?" Ndiyo, kwa kitambaa. Nililipa kwa mafungu manne.

Ni Beit al-Ajaib, jumba la kale la masultani hapa Zanzibar, ikitazamwa kutoka upande wa bahari, jua la alasiri limeipiga barazani, na bahari imekatiza chini kwa rangi ya kijani kilichochafuka. Mchoraji ni mzee wa Mji Mkongwe niliyemjua tangu nikiwa msichana. Aliichora akiwa amekaa pale pale kwenye kigoda, na pembeni chini, mkono wa kulia, akaandika jina lake na mwaka: 2017. Mwaka ule ndio ulionifanya niitake. Jumba lile lilijengwa 1883, zama za Sultani Sayyid Barghash, na Disemba 2020 upande wake ukaporomoka na watu wakafa. Leo mtu akilichora kama lilivyokuwa kabla ya hapo, analichora kutoka kwenye picha ya kamera au kichwani. Yangu ilichorwa na mtu aliyekuwa akilitazama, na shahidi wa hilo ni zile tarakimu nne.

Kanvasi, yaani kitambaa chenyewe kilichochorwa, niliipata ikiwa imeviringishwa, kama wanavyouziwa wageni wanaopanda ndege, kwa hiyo ilihitaji kuvutwa upya juu ya miti yake, zile mbao za ndani zinazoikaza, na kutiwa fremu. Hapa ndipo penye taabu. Mafundi fremu wetu wengi wamezoea aya za Kurani na picha za harusi: kioo mbele, kadibodi nyuma, kwisha. Kanvasi si hivyo. Ina ukingo mweupe pande zote, kama vidole vitatu, na ukingo huo hukunjwa nyuma ya miti ukapigwa pini huko huko. Hakikatwi kitu. Kama miti ni mifupi, inatafutwa mingine mirefu.

Karakana yenyewe iko Ng'ambo ya Mji Mkongwe, nilielekezwa na shoga yangu. Nilimweleza fundi hayo yote kwa kidole, nikarudia. Akasema, "Sawa bibie, kazi hii nimekulia." Kaniambia siku tatu. Zikawa wiki, ikaingia Ramadhani, ikatoka, kila nikipiga simu ni kesho. Kwa kuchelewa sina ugomvi naye. Kazi ya mbao huchelewa na mimi si mtu wa kumkalia fundi shingoni.

Siku aliyoniita, jicho langu lilikwenda moja kwa moja kwenye ile pembe. Pale penye jina, bahari imekoma.

"Fundi, jina liko wapi?"

"Jina lipi?"

"La mchoraji. Na mwaka."

"Aaa, ile ilizidi. Fremu nilikuwa nayo tayari, picha ikawa kubwa kidogo, nikapunguza chini. Picha yenyewe si ipo?" Akacheka. Kijana wake naye akaingilia, na nadhani alidhani ananisaidia: "Bibie, tunaweza kukuandikia upya. Rangi nyeusi ipo."

Sikumjibu. Niliinama nikaanza kutafuta chini ya meza, kwenye maranda na vipande vya mbao, mimi na baibui langu. Nilikikuta kile kipande kilichokatwa. Walikuwa wanakifutia brashi za vanishi. Jina linasomeka nusu. Mwaka unasomeka 20, halafu doa la kahawia. Nililipa pesa zake zote. Akanirudishia chenji ya elfu mbili, na chenji hiyo akaihesabu mara mbili.

Sasa niseme haki, maana nimefundishwa niseme haki hata nikiwa nimeudhika. Fremu ni nzuri. Ni mti wa mfenesi, ile rangi yake ya manjano ameiacha ionekane, na pembe zimeungana mpaka ukucha haupiti. Nyuma ameweka vigingi vidogo ili picha isigande ukutani, na hilo wengi hawalijui: nyumba zetu za mawe na chokaa hutoka jasho masika, picha ikilala ukutani huota ukungu. Yeye analijua. Kwa hiyo mwenye aya yake au picha ya harusi nitamwambia aende, atapata kazi safi. Hata mwenye kanvasi labda aende, ila asimame kichwani pake mpaka mwisho, kisu asikiache peke yake na kitambaa.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikifikiri, mpaka nilipokwenda kwa yule mzee. Nilimpelekea picha na kile kipande, nikamwomba atie saini tena. Alikishika muda mrefu, akakinusa vanishi. Kisha akasema, "Mwanangu, saini nilitia siku niliyomaliza. Nikitia leo, itakuwa picha ya leo." Nikamwomba basi aandike nyuma. Nyuma aliandika, kwa penseli, jina na 2017, mkono ukienda taratibu, bila kumtukana mtu. Kumtukana alikuwa na haki nako kuliko mimi.

Hapana. Nayafuta niliyosema hapo juu. Msiende, wala na aya msiende. Mtu anayejua mpaka jasho la ukuta hawezi kuniambia hakujua saini ni nini. Alijua. Fremu ilikuwa tayari imekatwa, na hakutaka kupoteza mti.

Juzi kanitumia ujumbe, kwamba kazi ijayo atanipunguzia elfu kumi. Kazi ijayo! Samahani hakuitia, wala mwanzo wala mwisho wa ujumbe.

Kile kipande nimekifunga kwenye karatasi, nimekiweka kabatini pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya wanangu. Picha ipo ukumbini, mkabala na mlango. Kila anayeingia huisifu fremu.