Seti ya vifaa vya gitaa: nilivyovitumia na vilivyobaki mkobani

Napiga gitaa la kawaida nyumbani jioni na kanisani Jumapili, hapa Tanga. Niliagiza mtandaoni seti ya vifaa 27 vya kurekebishia gitaa kwa shilingi 85,000, na sasa nina miezi minane nayo.

Vilivyonifaa kuliko vyote ni spana ya L na fila, vile vibamba vyembamba ambavyo mafundi magari hupimia nafasi ya plagi. Masika yalipofika, unyevu wa pwani uliipinda shingo ya gitaa, nyuzi zikapanda mpaka vidole vikauma. Nilibana uzi kwenye freti (vile vyuma vinavyokingama shingoni) ya 1 na ya 14, nikapitisha kibamba cha milimita 0.25 juu ya freti ya 7. Kilipita kikichezacheza, yaani shingo imepinda kupita kiasi. Kwa spana nikakaza chuma cha ndani ya shingo, kile kinachoinyoosha, robo mzunguko tu, nikatyuni upya, nikaacha hadi kesho yake. Nilipopima tena, kibamba kiligusa uzi bila kuusukuma. Furaha niliyoipata siku ile!

Kizungushio cha vigingi vya kukazia nyuzi nacho kizuri. Koleo, la wastani.

Tupa za freti sijazigusa. Freti ukishaipunguza kwa tupa, chuma hakirudi. Kazi hiyo nampelekea fundi, na namlipa kwa moyo mmoja.

Kwa hiyo seti nzima siwashauri. Nunueni fila kwenye duka la vipuri vya magari, spana inayoingia sawasawa kwenye gitaa lako, na kitambaa laini cha pamba. Pesa inayobaki, chukueni nyuzi mpya.