Gari dogo la familia kwa mkazi wa Tabora: lipi la kwanza, lipi la mwisho

Ndani ya dashibodi ya gari langu kuna daftari la shule lenye madoa ya oili. Nimeandika humo kila lita ya mafuta, kila bushi, kila buku mbili ya pancha. Bei niliyonunulia gari imekaa mstari mmoja, ukurasa wa kwanza. Kurasa zilizofuata ndizo zilizonimaliza.

Mtu akinisimamisha hapa Isevya, Tabora mjini, kuniuliza anunue gari gani la familia, huanza na "nina milioni kumi na tano." Mimi humuuliza kwanza: kila mwezi una shilingi ngapi za kuliweka barabarani?

Sisi wa Tabora tuna hesabu zetu. EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji, hutangaza bei kikomo za mafuta kila mwezi, na kila mji una bei yake. Ya kwetu iko juu ya ile ya Dar kwa sababu lori la mafuta linasafiri zaidi ya kilomita 800 kutufikia. Spea nazo nyingi zinatoka Kariakoo kwa basi: unatuma pesa, unasubiri, unaomba Mungu aliyekutumia asikosee upande wa kulia na kushoto. Na barabara: lami ya Nzega, ya Urambo, ya Sikonge na ya Itigi ni nzuri, ila ukichepuka tu kwenda msibani kijijini unakutana na mchanga. Ukienda upande wa Igunga masika, mbuga za Wembere zinakungoja na tope jeusi linalonata kama ugali wa moto.

Hebu tufanye hesabu ya mafuta. Chukulia unatembea kilomita 1,000 kwa mwezi na lita ni shilingi 3,000. Gari la cc 1,500 (huo ni ukubwa wa injini) linalokwenda kilomita 13 kwa lita litakula kama 231,000. Gari la cc 2,500 linalokwenda kilomita 8 kwa lita litakula 375,000. Tofauti ni 144,000 kila mwezi. Kwa miaka mitatu imeshavuka milioni tano, na bado hujabadilisha tairi hata moja.

Sasa nizipange gari zenyewe, kuanzia ninayoipenda zaidi.

Ya kwanza: Toyota Premio au Allion ya 1.5 (yaani lita 1.5, cc 1,500), toleo la 2001 hadi 2007. Hizi ni ndugu wa tumbo moja, zinatofautiana sura tu. Injini ni 1NZ, ya cheni, kwa hiyo huna mkanda wa taiming, ule wa mpira unaopangilia vavu, wa kubadilisha. Gia boksi ni otomatiki ya kawaida ya gia nne, ambayo mafundi wetu wanaijua. Galoni moja ya oili ya lita nne inatosha na inabaki kidogo. Injini hiyohiyo iko kwenye Corolla, Fielder, Spacio, na kwenye Probox zinazopiga mchomoko, kubeba abiria, kutwa nzima. Maana yake ni kwamba plagi, filta, rejeta, hata injini nzima ya used, unaipata bila kupiga simu kumi. Buti linameza magunia mawili ya mchele na begi la shule, na viti vya nyuma watoto watatu wanakaa bila kugombana sana.

Lakini soma tena: ya 1.5. Premio hizo zipo pia za 1.8 na 2.0, na hapa nina kovu. Gari langu la kwanza lilikuwa Premio ya 2.0. Dalali alinipigia simu: "Mwalimu, hii gari ya mama mmoja mtumishi, haijui fundi, ni kuwasha na kuondoka." Kweli, iliwaka na ikaondoka. Mwezi wa tano, natoka Nzega na watoto, ikaanza kukohoa kila nikikanyaga mafuta. Tulifika Tabora usiku, mwendo wa baiskeli. Asubuhi fundi akafungua boneti, akaona maandishi kwenye kava, akasema taratibu, "Mwalimu, hii D4." Alisema vile daktari anavyotaja ugonjwa mbele ya ndugu wa mgonjwa.

D4 hurusha petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa presha kubwa. Pampu yake haitaki mafuta machafu hata kidogo. Na kwa kuwa petroli haipiti juu ya vavu za kuingizia hewa kuziosha, masizi yanajikusanya pale. Pampu ya used ilikuja kutoka Dar baada ya siku tisa, ikafa miezi miwili baadaye. Nililiuza gari kwa hasara na daftari likaanza upya. Wapo wenye D4 zinazotembea vizuri, siwabishii. Mimi naeleza niliyolipia. Ile ya 1.8 haina D4, ila injini yake ya 1ZZ, hasa za miaka ya mwanzo, ina sifa ya kunywa oili. Ukiona moshi wa bluu ukikanyaga mafuta baada ya kusimama kidogo, muage mwenye gari kwa heshima.

Ya pili: Corolla ya toleo la NZE121, au mdogo wake Axio. Injini ni ileile ya 1NZ. Ndani ni finyu kuliko Premio na viti si laini, lakini kwa mwenye watoto wawili inatosha kabisa, na mara nyingi bei yake mkononi, kwa mwenye gari hapa nchini, ni afadhali. Axio iliyoanza 2006 ni nzuri zaidi kwa macho na kwa mafuta, ila nyingi zina gia boksi ya CVT, otomatiki isiyo na hatua za gia. Hiyo ina hydroliki (oili ya gia boksi) yake maalumu. Fundi akikumiminia hydroliki ya kawaida kwa sababu "zote nyekundu tu", gia boksi itakudai. Nunua Axio kama una fundi anayejua tofauti hiyo. Huna? Baki na NZE121 yenye gia nne.

Ya tatu: Carina na Premio old model, zile za 1996 hadi 2001. Wengi wanazicheka. Kwa bajeti ndogo mimi ningeichukua bila aibu. Bati lake ni zito, tumbo haligusi chini ovyo, na fundi wa chini ya mwembe anaifumua akiwa anapiga soga. Injini za A, yaani 5A, 4A na 7A, zinatumia mkanda wa taiming: funga mpya wiki ya kununua, usiulize ulibadilishwa lini, kwa sababu utadanganywa. Shida yake ni uzee wenyewe. Mpira wa mlango, kioo cha umeme, kutu chini ya kapeti. Vidogovidogo hivyo vinakula elfu ishirini ishirini mpaka unashangaa. Na hapa pia epuka ya 2.0 yenye D4.

Ya nne: Nissan Bluebird Sylphy na Tiida Latio za 1.5. Nikiishi Dar ningezipandisha nafasi. Nafasi ya miguu nyuma ni kubwa, injini ya HR15 ina cheni, na kwa kuwa Watanzania wengi wanataka Toyota, unapata gari la mwaka wa karibuni kwa pesa ndogo. Ila bei hiyohiyo ya chini inakusubiri siku ya kuuza. Na hapa Tabora fundi akiitazama Nissan anakuna kichwa kwanza. Sylphy ya 2.0 yenye CVT usiiguse.

Ya mwisho: Mark X. Najua nitatukanwa. Ni gari tamu, hasa lami ya Manyoni alfajiri. Lakini ni V6, silinda sita, ya cc 2,500: plagi sita, oili zaidi ya lita sita, tairi pana, na tumbo la chini. Inasukumwa na tairi za nyuma, na kwenye mchanga wa kwetu inachimba shimo lake yenyewe. Ni gari la kijana asiye na ada za shule.

Subaru sikuipanga. Injini yake silinda zimelala, na kubadilisha plagi tu ni kazi. Kama fundi wako ni wa Subaru, humhitaji mwalimu akushauri.

Kuhusu kuagiza Japani au kununua mkononi: gari lililozidi miaka kumi linatozwa na TRA, mamlaka ya mapato, ushuru wa uchakavu wa asilimia 30 juu ya kodi nyingine, kwa hiyo Premio ya 2004 kuiagiza leo ni kujiumiza. Nunua iliyokwishalipiwa. Na usilewe na "namba D" au "namba E". Herufi hiyo inaonyesha gari lilisajiliwa lini hapa nchini, haisemi lilitengenezwa lini.

Gharama za serikali kwa mwaka si tishio. Road license ya kila mwaka ilifutwa 2017, ikahamia kwenye lita ya mafuta. Bima ndogo, ile ya kumlipa uliyemgonga tu, haitakumaliza. Ukiweza bima kubwa, lipa, hasa ukisafiri usiku ng'ombe wakiwa barabarani.

Ukienda kukagua, nenda asubuhi na umwambie muuzaji asiliwashe. Gusa boneti. Ikiwa ya moto, kuna kitu kimefichwa: injini ya baridi ndiyo inayosema ukweli. Fungua kifuniko cha oili. Ukikuta utando wa rangi ya maziwa, huenda maji yameingia kwenye oili na hedi (kichwa cha injini) ina kesi. Nusa hydroliki ya gia, harufu ya kuungua ni bili. Zungusha usukani mpaka mwisho, tembea taratibu, sikiliza kama CV joint, viungo vinavyozungusha tairi za mbele, zinalia "ka-ka-ka". Kisha ondoka lami, pita njia ya mchanga ya kuelekea Kwihara, uone shokapu na bushi zinasemaje. Kilomita kwenye dashibodi zinarudishwa kirahisi, kwa hiyo mimi hutazama mpira wa pedali ya breki. Gari la "kilomita 68,000" lenye pedali iliyolika hadi chuma limeshakwenda Dar na kurudi mara nyingi.

Halafu makaratasi. Linganisha namba ya chesisi na kadi ya gari. Angalia kwa namba ya gari kama lina deni la faini za trafiki au la maegesho, kwa sababu madeni hayo yanafuata gari. Kadi iwe ya asili mkononi mwa muuzaji; kopi tu maana yake huenda asili iko kwa mkopeshaji. Andikeni mkataba mbele ya wakili, lipa kupitia benki, na mbadilishe umiliki TRA mara moja wakati muuzaji bado anapokea simu zako.

Msimu wa pesa za tumbaku madalali wanakaza bei, kwa hiyo kama huna haraka subiri Januari, ada za shule zikiwabana wenye magari. Na katika milioni zako kumi na tano, tafuta gari la kumi na tatu. Mbili zinazobaki zipeleke gereji siku hiyohiyo: oili, filta, hydroliki, breki, tairi. Kisha soma kilomita na uziandike kwenye ukurasa wa kwanza.