Tezi dume ya ami: roboti au kisu cha kawaida?

Ami yangu hapa Lamu anatakiwa kupasuliwa atolewe tezi dume; aliposikia "roboti" alikiweka chini kikombe cha kahawa chungu. "Mashine inipasue peke yake?" La, ami. Daktari huketi pembeni mbele ya skrini, akaiongoza mikono ya mashine kupitia matundu madogo tumboni. Upasuaji wa kawaida hufungua mpasuko mmoja chini ya kitovu.

Kwenye damu, roboti inashinda waziwazi. Katika utafiti wa Brisbane, Australia, uliochapishwa 2016, wanaume wenye saratani ya tezi dume waliopasuliwa kwa roboti walipoteza wastani wa mililita 444 za damu, wa kisu 1,338. Hospitalini walilala siku moja na nusu, wenzao tatu na ushei.

Swali lenyewe la ami lilikuja kwa sauti ya chini: mkojo utavuja? Na mambo ya chumbani? Hapo, wiki 12 baadaye na hata baada ya miezi 24, tofauti ya maana haikuonekana.

Mimi ningeuliza kwanza daktari huyo ameshapasua wangapi. Ila kwa mtu atakayerudi kwa boti kutoka Mokowe, mawimbi yakimrusha na mpira wa mkojo ungali mwilini, mshono mdogo nao una uzito wake.