Baridi ya Minnesota: kumtunza farasi peke yako au kwa zamu?

Desemba, jua la Minneapolis, mji wa jimbo la Minnesota huko Marekani, huzama saa kumi na nusu jioni, hivyo anayetoka kazini humkuta farasi wake gizani. Ukijipangia ratiba peke yako, mnazoeana zaidi, ila mafua tu yanaivuruga.

Mimi napendekeza zamu na mwenzako, kwa sababu farasi hawezi kungoja hamu yako irudi. Maji yakiganda atakunywa kidogo, na tumbo linaweza kuziba. Anahitaji pia nyasi kavu za kutosha, maana zikichachuka tumboni humpa joto. Theluji iliyoshikamana kwatoni nayo lazima itolewe. Siku ya mwenzako, pumzika kweli. Siku yako, kumpiga brashi na kumtembeza kidogo kunatosha. Kupanda kungoje ardhi isiyoteleza.