Glasi Moja ya Fino Iliyonitibulia Safari ya Jerez

Ninaandika nikiwa bado na hasira, kwa hiyo atakayeona nimetia chumvi na aipunguze mwenyewe. Majira ya joto yaliyopita nilifika Jerez de la Frontera, kusini mwa Hispania, nikalipa kiingilio katika ghala moja la sheri, mvinyo wa huko unaoongezewa pombe kali, ghala ambalo sitalitaja jina, nikaahidiwa matembezi na glasi tatu za kuonja. Matembezi yalikuwa mazuri. Tatizo ni glasi ya kwanza.

Mwongozaji alitueleza, tena kwa ufasaha, jinsi fino, yaani sheri nyeupe isiyo na utamu, inavyolelewa. Zabibu za Palomino hukua katika udongo mweupe wa chokaa unaohifadhi mvua ya majira ya baridi hadi kiangazi. Mvinyo ukishachacha huongezewa pombe kali ya zabibu hadi kileo kifike asilimia 15, kisha hutiwa katika mapipa ya mwaloni ya lita 600 ambayo hayajazwi mpaka juu, kwa sababu katika nafasi ile iliyoachwa ndipo huota utando mweupe wa hamira, ambao wenyeji huuita flor, yaani ua, nao huufunika mvinyo usiguswe na hewa. Kileo kikipandishwa hadi asilimia 17 utando huo hauishi. Hapo mvinyo huachiwa hewa kwa makusudi, ukageuka kahawia na kuitwa oloroso. Alituonyesha pia jinsi mvinyo wa kuuza unavyochotwa kwa sehemu tu kutoka safu ya chini ya mapipa, iitwayo solera, na pengo likajazwa kwa mvinyo mchanga zaidi wa safu inayofuata.

Kwa hiyo yule bwana alijua. Baada ya kutufundisha somo zima la kuukinga mvinyo na hewa, alikwenda kwenye kaunta, akachukua chupa ya fino iliyosimama karibu na dirisha, imebaki robo, kizibo kimelazwa kando yake, akanimiminia. Ilikuwa vuguvugu, na ladha yake ni ya tofaa lililokatwa asubuhi likasahauliwa mezani hadi jioni. Nimehudumia meza hotelini kwa miaka mingi, na jambo la kwanza nililofundishwa ni kwamba fino iliyofunguliwa hukaa kwenye friji na humalizwa ndani ya siku chache.

Nilimuuliza kwa adabu chupa ile ilifunguliwa lini. Hakuitazama chupa, alinitazama mimi, kuanzia viatu. "Bibie, sheri ndivyo ilivyo kwa asiyeizoea," akasema. "Ngoja nikupe ile tamu, ninyi huipenda." Ninyi akina nani? Nimekulia Mombasa, ambako tembo la mnazi la asubuhi likilala hadi kesho huwa siki, na sihitaji kufundishwa kwamba kinywaji kina wakati wake. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Huyu hata kazi ya kutia maji hakuifanya, aliacha chupa wazi tu.

Nilikuwa nimeshabeba mkoba wangu niondoke, wakati mzee mmoja wa mapipani, ambaye bila shaka alisikia yote, aliponiita kwa mkono. Alizamisha venencia, kile kikombe chembamba chenye mpini mrefu, ndani ya pipa la fino, akanimiminia kutoka juu ya kichwa chake bila tone kuanguka. Harufu ilikuwa ya unga wa mkate uliokandwa muda si mrefu, na lozi, na chumvi kwa mbali. Sijawahi kunywa mvinyo mweupe ulio bora kuliko ule, na ninatambua kwamba sentensi hii inayaharibu malalamiko yangu yote.

Au pengine inayazidisha, kwani pipa lile lilikuwa hatua kumi tu kutoka kwenye kaunta. Sheria yao inadai mvinyo ulelewe angalau miaka miwili kabla ya kuuzwa. Kisha mtu mmoja anashindwa kurudisha kizibo! Nilikuwa nimekusudia kutoa nyota tatu, nikashusha hadi moja, na sasa nampa mzee yule tano, ghala moja, wastani mjipigie wenyewe.

Nilinunua chupa mbili, ndiyo, hapo hapo. Ya kwanza tuliimaliza nyumbani kwa siku mbili pamoja na samaki wa kukaanga. Ya pili iko kwenye friji, na siku nitakapoifungua nitaandika tarehe kwenye lebo kwa kalamu ya wino.