Bolti za AN kwa ndege ninayoiunda Mombasa: uzoefu wangu

Bolti, nati na washa za AN (Army-Navy, kiwango cha Marekani cha vifungio vya ndege) za ndege ndogo ya viti viwili ninayoiunda hapa Bamburi niliziagiza Marekani, na nitaagiza tena. Bei ni chungu, ukiongeza usafiri na ushuru ndiyo zaidi. Bolti za Mwembe Tayari, hapa mjini, ni rahisi na zafaa sana kwa mageti na matenki. Ila bolti isiyo na alama kichwani hakuna ajuaye chuma chake chastahimili nini, na bawa likiachia angani hakuna wa kulishika.

Hizi za AN zina alama. Ya chuma ina msalaba au kinyota kichwani, ya alumini vistari viwili. Chuma hicho huhimili mvuto wa pauni 125,000 kwa inchi mraba. Hata AN3, nyembamba ya inchi 3/16, hubeba takriban kilo 960 kabla ya kukatwa kwa ubavu. Kilichonifurahisha zaidi ni ile ngozi ya kadimiamu, metali ya kuzuia kutu, maana hewa yetu ya chumvi hula hata bawaba za madirisha. Wapo wanaonishauri niweke stenlesi. Yenyewe haishiki kutu, sawa, lakini ikigusana na alumini kwenye chumvi, inayoliwa ni alumini, yaani ndege yenyewe.

Kuagiza kwataka utulivu. Katika AN3-5A, 3 ni unene kwa sehemu za 16 za inchi, 5 ni urefu kwa sehemu za 8, na A ni kwamba haina tundu la kotapini, ile pini ya kuzuia nati isifunguke. Lakini urefu wa AN3-10 ni inchi 1 kamili, yaani inchi 1 na sehemu 0 za 8, kwani namba 8 na 9 hazipo. Pima kwanza unene wa vipande unavyovifunga: kinachokaa ndani ya tundu kiwe kiwiliwili laini cha bolti, si nyuzi zake.

Nati zenye pete ya nailoni ndani, AN365, hazilegei kwa mtetemo, nazipenda mno. Usizitie penye joto la injini, nailoni mwisho wake ni nyuzi 121 za Selsiasi, wala kwenye kiungo ambacho bolti yaweza kuzunguka. Kwenye viungo vya usukani nimefunga AN310 zenye mifereji, na kotapini. Nati ya nailoni ikizunguka kwa vidole tu, itupe.

Kasoro ni vipimo vya inchi. AN3 hutaka spana ya 3/8. Ya milimita 10 huteleza na kula kona. Nunua pia spana ya kupimia nguvu ya kukaza: AN3 hutaka pauni-inchi 20 hadi 25 tu, na mkono uliozoea magari huzipita bila kuhisi.