Vox AC30 ya zamani imeshuka kutoka Newala, njoo uisikie

Habari zenu wadau. Subiri, kabla sijaongea chochote, sikiliza kwanza hii.

Umeipata? Hapo hakuna pedali wala ekoo ya miksa. Ni gitaa langu lilelile mlilolizoea, waya mmoja na hili sanduku hapa nyuma yangu. Kama unasikilizia spika ya simu, nakuomba uvae hedifoni, maana utamu wenyewe uko katikati ya sauti na simu inaumeza wote.

Hii ni amplifaya ya gitaa, Vox AC30, kazi ya kampuni ya Jennings ya Dartford, Uingereza, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Umri wake unauona kwenye hii paneli ya rangi ya shaba. Baadaye walihamia rangi ya kijivu. Ndiyo amplifaya waliyopigia akina Hank Marvin, mpiga gitaa wa The Shadows, na The Beatles pia. Mwenyewe ni babu mmoja wa Newala, aliyepiga rithimu enzi zake. Jina lake kaomba nisilitaje, na bei msiniulize, hauzi.

Najua kuna atakayeshangaa imebakije nzima namna hii. Ingekuwa imekaa hapa Mtwara mjini, tungekuwa tunaangalia kutu tu. Hapa Shangani ukisahau spana dirishani, ukija kuikumbuka imeshaota manyoya mekundu. Kule Newala, juu ya uwanda, chumvi ya bahari haifiki, na babu aliifunika blanketi chumbani kwake. Stoo ya korosho hakuipeleka, anasema panya hawajui muziki. Safari ya kushuka huku ilikuwa kazi: uzito wake ni kilo thelathini na kitu, nikailaza kwenye godoro nyuma ya pikapu, vali, zile chupa ndogo za kioo zinazowaka ndani, nikazitoa zote na kuzivalisha soksi moja moja. Mke wangu bado anauliza soksi ziko wapi.

Sasa nije kwenye jambo langu la leo. Watu wakiona amplifaya ya namna hii wanaanza kuimba vali, vali, vali. Vali ni kama tairi za gari, zinakwisha unanunua nyingine. Hizi nne za EL84 huku nyuma babu ameshazibadilisha, hata hakumbuki mara ngapi. Ambavyo havijawahi kuguswa ni transfoma na hizi spika mbili. Angalia, nasogeza kamera. Celestion za buluu, inchi 12, kila moja wati 15. Kumi na tano na kumi na tano, thelathini, sawasawa na nguvu ya amplifaya yenyewe, basi, hakuna ziada. Ukiibana hadi mwisho usiku kucha unaweza kuziunguza, na ukizitoa ukaweka za kisasa, kwangu mimi hiyo tena siyo AC30, ni kabati lenye jina.

Sikia nikipapasa na kidole gumba. Safi kabisa, kila uzi unauhesabu. Mkono uleule, sijagusa kinobu, sasa nakaza... Hapo! Imeanza kukwaruza kwa mbali. Nikilegeza, inarudi safi. Kwa mtu wa solo za dansi hii ni raha isiyosemeka, kwa sababu kelele na upole vyote viko kwenye vidole vyako. Na nikigonga nyuzi zote sita kwa mpigo, sikiliza mwanzo wake: kama inazama kidogo halafu inaibuka. Hiyo ni kazi ya GZ34, vali inayogeuza umeme wa soketi kuwa wa mkondo mmoja. Ukiishtua, volti za ndani zinashuka kidogo kisha zinapanda tena.

Kuna kinobu hapa kimeandikwa CUT. Siku ya kwanza nilikizungusha hadi mwisho nikidhani naongeza trebo. Sauti ikazibwa kama mtu anaongea ndani ya shuka, nikajua tayari nimeua spika za babu wa watu. Kumbe hiki kinapunguza ukali, ukitaka mwanga unakirudisha kushoto. Na upande huu kuna tremolo, sauti inayumba kama mtoto anayeongea mbele ya feni. Nzuri, ila kwa dakika mbili tu.

Hili lifuatalo lisikilize vizuri kama unayo ya zamani imelala ndani: usikimbilie kuichomeka. Kapasita za kuchuja umeme zinakauka zikikaa, na hii ilipofika ilikuwa inavuma kuliko jokofu. Fundi wangu wa Chikongola aliiwasha kwanza ikiwa imeungwa mfululizo na balbu ya nyuzi ya wati 100. Kukiwa na shoti, balbu inawaka kwa nguvu na amplifaya inapona. Kisha akabadilisha kapasita kubwa, zile za zamani tukazifunga kwenye mfuko ndani ya sanduku. Wewe usitie mkono humo. Mna zaidi ya volti 300, na zinaweza kubaki hata ukishachomoa waya. Nyuma kuna kichagua volti. Nimeweka 245 badala ya 225, halafu stabilaiza mbele yake, kwa sababu umeme wa mtaani kwetu una siku zake.

Kasoro? Nzito, inachemka, usiweke hata kikombe juu ya haya matundu ya hewa. Na haijui kuongea taratibu. Jana saa tatu usiku mtoto wa jirani amekuja kugonga: "Shikamoo mjomba, mama anauliza kama kuna shughuli." Nikamwambia amwambie mama hakuna shughuli, ni majaribio. Akarudi tena: "Mama anasema rudia ile ya mwanzo."

Kwa hiyo hii hapa, ile ya mwanzo, nafungua dirisha. Jumamosi inarudi Newala.